Birika la Mwenye Mkahawa

Mwenye mkahawa hakuwahi kumuuliza mtu anataka kula nini. Alimtazama viatu, kisha mzigo, kisha akaenda kwenye kidirisha cha ukuta wa jikoni na kutaja idadi tu: mmoja, wawili, wanne. Baada ya muda chakula kikatoka. Mgeni akidai kuchagua, alijibiwa bila kutazamwa, "Menu ni moja: yenye iko." Wengi walicheka wakakaa. Wachache walichukua kofia zao wakaondoka, naye hakuwasindikiza hata kwa macho.

Mkahawa wenyewe ulikuwa Lubumbashi, upande wa Kamalondo, mwendo mfupi kutoka stesheni ya treni, ambayo kule kila mtu huiita gare. Ulikuwa na meza sita, picha ya Rais kama ilivyotakiwa, redio juu ya rafu, na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Mimi na mke wangu tulipita hapo mara moja kwa mwaka, mwaka mwingine mara mbili, kwa miaka mingi. Kwa hiyo nasema namjua, ingawa sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Watu walisema wazee wake walikuja na biashara kutoka Maniema. Yeye hakusema, na mimi si mtu wa kuuliza. Kazi yangu ilikuwa kupokea telegramu katika kituo kidogo kwenye reli ya kwenda Sakania, na kazi ile humzoeza mtu kuandika mambo ya watu na kunyamaza.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alivaa abakosti, koti la kijivu lililofungwa vifungo hadi shingoni, kwa kuwa wakati ule tai ilikuwa imepigwa marufuku, na kichwani kofia nyeupe ya kufuma, Ijumaa na siku nyingine zote. Beji ya chama hakuivaa kifuani. Aliibandika kwenye mlango wa jikoni. Siku moja mkubwa mmoja wa chama aliyekuja kula alimuuliza kwa nini.

"Citoyen," alimjibu, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana, "hapa mwenye kutumika ni ule mulango. Mi niko natembea-tembea tu."

Mkubwa yule alitafuna kwanza, akafikiri, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Ubao wa nje nao ulikuwa na mkasa wake. Mwanzoni uliandikwa jina la Kifaransa, na mwaka watu walipoamriwa kuacha majina ya kigeni likafutwa. Akaandika jina la Kiarabu, akaambiwa hilo pia ni la kigeni. Akaandika jina la mama yake, akaambiwa aombe kibali upya. Basi akaupaka ubao mzima rangi ya buluu, akauacha hivyo. Alisema mwenye njaa atanusa tu, atafika. Mke wangu, ambaye kwao ni Wakatoliki wa Kongolo, aliupenda sana ubao ule. Mwaka huohuo na yeye alikuwa amevuliwa jina lake la ubatizo akapewa la kizalendo, na alikuwa hajalizoea. Kila tulipofika alisimama kidogo mbele ya ubao kabla ya kuingia.

Lakini kilichomfanya mwenye mkahawa akumbukwe ni birika.

Katika nyumba zetu mwanamke ndiye anayeleta maji ya kunawa. Anapiga goti kidogo, anamwagia mume, kisha wageni, na mikono yake mwenyewe anaiosha jikoni baadaye. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na sijawahi kusikia mtu akibishana juu yake. Mwenye mkahawa alilipindua jambo hilo. Mume na mke wakifika kutoka safarini, alileta beseni na birika la bati lenye maua, akaliweka birika mbele ya mume, akasimama.

"Umumwangie bibi yako kwanza."

Aliyeuliza sababu alipewa, mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja saa ya treni. "Leo hakupika. Batu ba njia ni bageni bote babili. Mugeni ananawishwa."

Ilikuwa kwa wasafiri peke yao. Watu wa mtaani, hata wakija mume na mke na nguo za Jumapili, aliwaonyesha bomba la uani wakajinawie wenyewe. "Weye unatoka wapi? Kamalondo? Bomba iko pale." Alikuwa na jicho la kumtambua msafiri. Mtu aliyekaa kwenye treni siku nzima, alisema, anatembea kama sakafu bado inatikisika.

Nilimwona msimamizi mmoja wa machimbo ya shaba, mtu wa kitambi na saa kubwa, akikataa. Alikuwa ametoka Kolwezi na mkewe. Alisema kwa sauti ya kusikika na meza zote kwamba ameoa miaka mingi na hajaja mjini kufundishwa ndoa na mpishi. Mwenye mkahawa akachukua beseni, akachukua birika, akaenda kukaa karibu na redio. Hakukasirika. Chakula tu hakikutoka. Wakakaa wale wawili, mume akitazama barabara, mke akitazama meza, mpaka yule mama akasema polepole, "Baba, mi niko na njaa." Msimamizi akanyoosha mkono kuomba birika. Alimwaga huku ametazama pembeni, kama mtu anayechomwa sindano. Mwenye mkahawa akaenda kidirishani akasema, "Wawili."

Alikuwa na ukaidi mwingine usioelezeka. Aliweza kumvumilia mlevi saa nzima, lakini mtu akipiga mluzi ndani alitolewa nje. Aliswali bila kukosa, na katikati ya swala na swala aliifungulia redio nyimbo za chama mpaka kidirisha kikatetemeka, akichezesha bega moja. Jumamosi za salongo, asubuhi ambazo kila raia alipaswa kufanya kazi ya kusafisha mji, alifagia kipande kilekile mbele ya mlango wake, polepole, mpaka mkaguzi mwenyewe akaona njaa akaingia kula.

Na kulikuwa na lile la jikoni.

Chakula kilipotoka kwenye kidirisha, kilitoka na mkono. Mkono wa kulia wa mwanamke, mweusi, wenye bangili nyembamba ya shaba. Ulisukuma sahani, ukagonga mbao mara mbili, ukarudi ndani. Huyo alikuwa mke wake. Kwa miaka mingi mimi sikumwona zaidi ya hapo. Pilau yake ilikuwa na iliki kidogo na mafuta ya kutosha, na kuku wake wa mawese sijamla mahali pengine, na sitaficha kwamba watu walikuja kwa ajili yake na kumshukuru mumewe. Huyu aliyepikia wasafiri wote wale, mumewe hakumwagia maji hata siku moja.

Sisi tulifika hapo mara ya kwanza si kwa hamu ya kula. Nilikuwa namrudisha mke wangu kwao.

Lazima nieleze kosa, kwa sababu ni langu. Alasiri moja mashine yangu ilileta telegramu kutoka Kongolo, maneno machache ya Kifaransa: mama amefariki, mazishi Jumapili. Ilikuwa kwa mke wangu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga muhuri, nikaiweka kwenye trei ya telegramu za kupelekwa asubuhi. Treni ya kwenda Lubumbashi iliondoka jioni ile. Niliisikia ikiondoka. Iliyofuata ilikuwa baada ya siku tatu. Taratibu nilizokariri zilisema telegramu inapelekwa na tarishi, inasainiwa na mwenyewe, na anayeipokea kwenye mashine hasemi yaliyomo kwa mtu yeyote. Hakuna aliyenisimamia siku ile. Hakuna aliyenikataza kuinuka. Nilikwenda nyumbani, nikala bukari, ugali wa kwetu, na samaki, nilivyowekewa na mke wangu, nikasema kumekuwa na joto, nikalala.

Asubuhi tarishi alibisha. Mke wangu alisaini, akasoma, akaisoma tena, akaona muhuri na saa niliyoandika kwa mkono wangu.

"Jana ulikula bukari yangu," alisema. "Na ulikuwa unayua?"

Nilimwambia ndiyo. Nilimweleza taratibu. Nasikia aibu kuandika hivi, lakini siku ile sikuona aibu. Nilijiona mtu wa kazi. Hakulia mbele yangu. Hakufika kwenye mazishi. Wiki mbili baadaye aliniambia, bila kupaza sauti, "Unirudishe kwetu." Sikubisha. Msichana wetu wa miaka minne tulimwacha kwa dada yangu, tukapanda treni.

Lubumbashi ilibidi tungoje siku mbili treni ya kaskazini. Tulitoka gare tukiwa na valisi, sanduku lake kubwa la nguo, na kitenge kipya alichovaa ili asionekane kwao kama mtu aliyefukuzwa. Hatukuwa tumesemezana tangu tulipopanda. Tuliingia kwenye mlango wa kwanza wenye harufu ya chakula.

Mwenye mkahawa alitazama viatu vyetu, akatazama valisi, akatazama kitenge, akatutazama sisi tulivyokaa mbali mbali kwenye benchi moja. Uso wake ukalainika. Akaja na beseni.

"Munaoana sasa-sasa," alisema. "Njo maana munanyamaza. Batu ba ndoa mupya, bote banaonaka haya vile."

Nilingoja mke wangu amsahihishe. Naye, nadhani, alingoja mimi. Kwetu kumrudisha mke ni jambo lisilosemwa barabarani. Husemwa kwa wakwe tu, na kwa utaratibu. Basi tukakaa kimya, na ukimya ule ukamhakikishia mwenye mkahawa kwamba amesema kweli.

"Umumwangie bibi yako kwanza," akasema, akaniwekea birika.

Nililishika. Mke wangu alisita, kisha akanyoosha mikono yake juu ya beseni. Miaka sita ya ndoa, na sikuwa nimewahi kuitazama mikono ile ikiwa imetulia. Siku zote ilikuwa inaleta kitu au inaondoa kitu. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu la moto, refu, la kung'aa.

"Hii iliungua lini?"

"Mwaka ingine ile. Bukari ilirukaka."

"Sikuona."

"Eyo," alikubali.

Sikujua kiasi cha kumwaga. Maji yalijaa viganja, yakapita, yakaingia kwenye mkono wa blauzi. "Inatosha," alisema. "Unamwanga mingi." Lakini hakuondoa mikono. Mwenye mkahawa alisimama pembeni amefunga mikono kifuani, ameridhika kama mtu aliyeozesha binti.

Kisha akatoa chakula cha maharusi, ambacho hatukukiagiza wala hatukustahili. Sinia moja, si sahani mbili. Pilau katikati, kuku wa mawese juu yake, kalembula, yaani majani ya viazi vitamu, iliyopikwa na karanga pembeni, na ndizi mbivu za kukaanga ambazo mke wangu alikuwa anazipenda na mimi nilikuwa nimesahau. Kula kwenye sinia moja kuna adabu yake: kila mtu anakula upande wake, na ukitaka kumheshimu mwenzako unamsogezea nyama. Tulikula kila mtu upande wake. Tulipokaribia katikati lilibaki paja la kuku. Sote tuliliona. Nililisukuma upande wake. Akalirudisha. Nikalisukuma tena. Akalila, bila kunitazama, na machozi yakamtoka akiwa anatafuna. Sikusema kitu. Mtu mwingine yeyote angesema. Neno la kuomba msamaha nililijua vizuri. Nilikuwa naliandika kwa niaba ya watu wengine karibu kila wiki.

Mwenye mkahawa alipoona machozi alikuja na kitambaa akaniambia mimi, si yeye, "Analilia kwao. Itapita."

Siku ya pili tulirudi, kwa kuwa hatukujua pengine, na alitupa meza ileile. Siku ya tatu tulipanda treni. Nilimkabidhi kwa baba yake Kongolo kwa maneno yanayotakiwa, nikarudi peke yangu. Nilipopita Lubumbashi sikuingia kwake. Nilikula mkate kwenye gare.

Mke wangu alikaa kwao miezi minne. Kisha alasiri moja treni ikasimama kituoni kwangu, akashuka na valisi ileile. Watu walisema amerudi kwa ajili ya mtoto, na huenda walisema kweli. Mimi aliniambia kitu kimoja tu: kwamba alipita kwa mwenye mkahawa akiwa peke yake, na mzee alipouliza mume yuko wapi, alimweleza yote, ya telegramu na ya bukari. Mzee alisikiliza, akaenda kidirishani, akamfungia chakula kwenye majani.

"Alisema nini?" niliuliza. Ni moja ya mara chache nilizouliza.

"Alisema nikuletee, iko cha mutu moja."

Kilikuwa kimeharibika kidogo kwa safari. Nilikila chote.

Baada ya hapo kila tulipokwenda Lubumbashi, kwa daktari, kwa vitambaa, kwa harusi ya mtu, tulikula kwake. Alijua sasa kwamba hatukuwa maharusi. Hakuligusia. Aliniwekea birika na kunitazama sekunde moja zaidi ya wengine. Nilijifunza kumwaga kidogo kidogo. Nyumbani mambo yalikuwa mazuri kwa namna yake: mtoto alikua, tulicheka kiasi, mke wangu alilima viazi vitamu nyuma ya nyumba. Lakini kila nilipoingia kutoka kazini, alitazama mikono yangu kwanza, kisha uso. Alikuwa anatafuta karatasi. Telegramu ile hakuitaja tena, na mimi sikuitaja. Nilijua tu kwamba kuna mlango umefungwa mle ndani, na ufunguo haukuwa kwangu.

Ni yeye aliyempata mama wa jikoni. Mwaka fulani aliinuka baada ya kula, akapita uani, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakaa huko muda mrefu. Baadaye ikawa desturi. Mimi na mwenye mkahawa tulibaki na redio, tukiwasikia wanacheka upande wa pili wa ukuta. Mke wangu aliniambia kwamba yule mama ni mfupi, mnene, ana mzaha kuliko mumewe, na kwamba alizaliwa Kalemie, kando ya ziwa, na hajarudi huko tangu aolewe. Hajatoka Lubumbashi hata siku moja. Alichotaka ni kuliona ziwa tena na kula samaki asiyepikwa na yeye.

Mke wangu si mtu wa kuogopa. Siku ileile, tulipokuwa tunaondoka, alimsimamisha mzee mlangoni.

"Baba, na mama mwenye kuwa mule ndani, unamumwangiaka mayi siku gani?"

Nilidhani atakasirika. Akarekebisha kofia yake.

"Siku tutasafiri. Yeye si mutu ya njia. Iko ku nyumba yake."

"Na mutasafiri lini?"

"Karibu. Batu bapungue kidogo."

Watu hawakupungua. Tulipokuja tena kulikuwa na valisi mpya juu ya rafu, kando ya redio, ya ngozi ya kahawia, na alituonyesha kabla hatujakaa. "Munaona? Valizi iko tayari." Mwaka uliofuata ilikuwa bado pale, na vumbi lake lilifutwa vizuri. Mwaka mwingine aliifungua kutoa iliki. Alikuwa anahifadhia viungo. Mke wangu alimuuliza kila safari, kwa mzaha, na kila safari alijibu neno lilelile, karibu. Miaka ya shaba nyingi ikapita, nyama ikawa adimu, sinia likaja na samaki wa barafu mahali pa kuku, naye akaanza kutembea akishika migongo ya viti. Bangili kwenye kidirisha ililegea kwenye mkono uliokonda. Niliiona. Sikumwambia mtu.

Telegramu ya pili ilifika saa sita mchana. Nilianza kuiandika kama ninavyoandika zote, herufi kwa herufi bila kufuata maana, na maana ikanifikia nikiwa katikati. Ilitoka Lubumbashi, kwa mke wangu, kwa jina lake lile la ubatizo ambalo mama wa jikoni peke yake alikuwa bado anamwita nalo. Mama amekufa. Mukuye: mzee alikuwa anatuita.

Trei ilikuwa karibu na kiwiko changu. Niliitazama. Kisha nikainuka, nikamwambia mwenzangu akae kwenye mashine, nikatoka na karatasi mkononi, bila muhuri, bila kofia. Nilikuwa natembea, halafu nikajikuta nakimbia, mtu wa umri wangu, na watu wa kituo walisimama kutazama.

Mke wangu alikuwa kwenye viazi. Aliinua kichwa, akatazama mikono yangu.

Nilimpa. Alisoma akiwa amesimama palepale, vidole vina udongo.

"Train iko saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane."

Alikunja karatasi akaitia ndani ya kitenge, kiunoni. "Donc tuko na wakati," alisema, akaenda kunawa miguu.

Tulifika asubuhi ya pili, na walikuwa wamekwisha kuzika, maana Waislamu hawamcheleweshi maiti. Tulikuta majirani wachache uani, mikeka, sauti za chini. Mwenye mkahawa hakuwa nao. Alikuwa ndani, kwenye meza zilizo tupu, amekaa kwenye ile aliyotupa sisi siku ya kwanza, upande wa wageni. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa hapo. Kidirisha kilikuwa wazi na giza. Valisi ya kahawia ilikuwa mbele yake juu ya meza, imejazwa na kufungwa.

"Ni nguo zake," alisema kabla hatujauliza. "Kaka yake atapita kuzichukua. Atazipeleka Kalemie."

Kisha akatazama viatu vyetu. Akainuka, akishika meza, akaenda polepole akaleta beseni na birika, akaliweka birika mbele yangu.

"Munatoka mu njia," alisema.

Majirani walikuwa wameleta bukari na maharage. Nilimmwagia mke wangu, kidogo kidogo, kama nilivyojifunza. Alipomaliza hakukausha mikono. Alilichukua birika kutoka kwangu, akamgeukia mzee.

"Baba, leta mikono."

Mwenye mkahawa aliirudisha mikono yake mikubwa nyuma, akaificha chini ya meza kama anayekatazwa kitu.

"Hapana, mama. Mi sikusafiri."

Alisema bila kulia. Alikuwa anafuata sheria yake, na sheria yake ilikuwa imemhukumu, na hakuna mtu mle ndani aliyejua kuliko mimi jinsi sheria inavyomgeukia anayeifuata. Nilitaka kutazama pembeni.

Mke wangu hakulishusha birika. Alisimama nalo, na alipozungumza alizungumza na mzee, lakini alikuwa amenitazama mimi, usoni, si mikononi.

"Na mi nami sikufika ku kilio ya mama," alisema. "Na niko nakula. Leta mikono, baba."

Ilichukua muda. Kwanza ulitoka mkono mmoja, kisha wa pili. Hapakuwa na mtu wa kushika beseni, basi nikalishika mimi, nikaliweka chini ya mikono yake, nikalishikilia hapo. Mke wangu akamwaga. Alimwaga mengi mno, yakamfika viwikoni, yakaingia kwenye mikono ya abakosti, na hakuna aliyesema inatosha mpaka birika likaisha.